Hongo, Ushuru na Haki ya Njia



Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno yaliyoanza safari kwa heshima yakaishia pabaya, na moja katika hayo ni neno hongo. Leo ukimwambia mtu kuwa amekula hongo umemvunjia heshima, na ukilisema mahakamani yakupasa uwe na ushahidi. Lakini wazee wetu wa hapa Unyanyembe walipolitamka neno hilo hawakukusudia jambo la kupitishwa chini ya meza. Hongo ilikuwa ni malipo ya njia. Msafara uliotoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa, ukaikata nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ulijua kabisa kuwa kila mtemi ambaye utapita katika nchi yake atadai doti zake za merikani na kaniki, na ushanga, na nyaya, ndipo wapagazi waruhusiwe kuteka maji na kuendelea. Ililipwa mchana, mbele ya watu, kwa kuhesabiwa doti moja moja.

Neno la pili ni ushuru. Hili asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na fungu la kumi. Sisi twalitumia kwa soko, kwa mazao, kwa machinjio, na kwa lile lililonifanya nishike kalamu leo, yaani ushuru wa kuegesha magari mjini.

Huenda msomaji akauliza, sheikh ana nini na maegesho ya magari? Kweli mimi sina gari. Nina baiskeli, kama walivyo wengi katika mji wetu wa Tabora, na bado sijamwona mtu wa kudai ushuru wa baiskeli iliyoegemezwa kwenye mwembe, ingawa jambo hili silisemi kwa sauti kubwa wasije wakanisikia. Lakini mas'ala ya maegesho yameletwa kwangu mara mbili katika muda usiozidi mwaka mmoja, kwanza na binti aliyesoma kwangu, kisha na wazee wa msikiti, na mara zote mbili nimelazimika kufungua vitabu ambavyo sikuwa nimevifungua siku nyingi.

Binti huyo alikhitimu Qur'ani kwangu akiwa na miaka 12. Baadaye aliolewa, akaachika akiwa na watoto wawili, akapata kazi katika mji mmoja ulio kando ya reli yetu hii, mji ambao sitautaja, wala sitamtaja wakala aliyemwajiri. Kazi yake ilikuwa ni kuvaa kizibao cha rangi ya kung'aa, kushika mashine ndogo mkononi, na kuzunguka barabarani tangu asubuhi hadi jioni akiandika namba za magari yaliyoegeshwa. Alinijia siku ya Jumamosi baada ya alasiri, akaniamkia, akakaa mkekani, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, nimesikia mawaidha kwenye simu. Yule sheikh amesema mtoza maksi haingii Peponi. Na mimi ndiyo kazi yangu. Je, wanangu nawalisha haramu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia arudi baada ya wiki, kwani swali la chakula cha watoto halijibiwi kwa kukumbukakumbuka. Tena niliona kuwa yule mtoa mawaidha hakuzua jambo. Hadithi ya mtoza maksi imo katika Abu Daud, imepokewa kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.), na katika Sahihi ya Muslim, katika kisa cha yule mwanamke wa Ghamid aliyetubia, Mtume (S.A.W.) aliitaja toba ya mtoza maksi kuwa ni mfano wa toba ya dhambi nzito kabisa. Maksi, kama walivyoieleza wanazuoni, ni kile anachokitoza mtu mwenye nguvu aliyekaa njiani au sokoni, anakitoza bila ya haki, kwa sababu tu ana uwezo wa kumzuia mwenzake asipite. Sasa binti wa watu asimama njiani na mashine yake. Je, si yeye?

Nikaenda kwa Imam Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 450 wa Hijria, yaani 1058, katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Humo amezigawa sehemu wanazozitumia watu kwa shirika katika mafungu matatu: vituo vya misafara huko nyikani na penye maji, viwanja vinavyopakana na nyumba za watu, na njia kuu pamoja na mitaa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa Tabora imekuwa yote matatu. Hapa ndipo njia ya pwani ilipogawanyika, moja ikaenda Ujiji, moja ikaenda kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Hapa wapagazi walitua mizigo na kulipwa, wakatafutwa wengine. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872 wakingojeana na mizigo, na wafanyabiashara wengine walikaa miezi mpaka wakajenga tembe na kupanda miembe. Mji mzima, ukitazama vizuri, ulianza kama mahali pa kuegesha.

Kuhusu kituo cha nyikani Imam Mawardi aeleza kuwa aliyetangulia kufika ndiye mwenye haki zaidi hata atakapoondoka. Kuhusu njia za mjini aeleza kuwa mtawala ana kazi ya kuzuia madhara na kuamua ugomvi, na wanazuoni wamekhitalifiana kama anaweza pia kumpangia huyu akae hapa na yule akae pale. Lakini kwa kauli zote mbili haimfalii kuchukua ujira kwa sababu ya mtu kukaa tu.

Basi mtu angeweza kukifunga kitabu hapo na kusema kuwa ushuru wa maegesho ni haramu, yamekwisha. Wako wafanyao hivyo, nao hupendwa sana na wenye magari. Mimi naona kuwa Mawardi alikuwa akimzungumzia mchuuzi aliyetandika jamvi lake kando ya njia, ambaye jioni hulikunja jamvi na njia ikarudi kama ilivyokuwa. Hakumzungumzia mtu anayeacha chuma cha tani moja na nusu juu ya lami iliyojengwa kwa fedha za watu wote, pamoja na fedha za bibi muuza mchicha asiyekuwa na hata baiskeli, kisha akaenda zake ofisini mpaka saa 10 alasiri. Lami hiyo yataka kuzibwa mashimo, mfereji wataka kuzibuliwa kabla ya masika, na mistari yataka kupakwa rangi. Imam Ghazali katika Al-Mustasfa amekubali kuwa hazina ikiwa haina kitu na maslahi ya umma yapo mbele, mtawala aweza kuwatoza wenye uwezo kwa kiasi cha haja. Wala hakusema atoze anavyotaka.

Tena nilipenda kujua ushuru huu ulianzia wapi na kwa sababu gani. Mashine ya kwanza ya kupima muda wa maegesho iliwekwa Marekani, katika mji wa Oklahoma City, tarehe 16 Julai mwaka 1935, kwa senti 5 kwa saa. Sababu yake haikuwa fedha peke yake. Watu waliofanya kazi katikati ya mji walikuwa wakifika asubuhi, wakaweka magari yao mbele ya maduka, nayo yakakaa hapo kutwa, mteja aliyetaka kununua sukari akakosa pa kusimama, akarudi kwake. Mashine ile ikaleta zamu. Na imesimuliwa kuwa mtu wa kwanza kukamatwa kwa kosa hilo, mwezi Agosti mwaka huohuo, alikuwa mchungaji wa kanisa, jina lake North, akajitetea kuwa alikuwa amekwenda dukani kutafuta chenji, akaachiliwa. Nakieleza kisa hiki ili wenzangu wenye vilemba wasidhani kuwa vazi la dini humtoa mtu katika orodha ya wakosaji wa barabarani.

Zamu si jambo geni katika dini yetu. Ngamia wa Nabii Salih (A.S.) alikuwa na siku yake ya maji na watu wake walikuwa na siku yao, nao waliona zamu hiyo ni nzito mpaka wakamuua. Na Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye kisima cha Madyan aliwakuta wasichana wawili wamejitenga na wanyama wao, kwa kuwa wachungaji wenye nguvu walikuwa wamekizunguka kisima. Ukitazama mbele ya soko lolote saa 4 asubuhi utawaona wachungaji wale wale, ila sasa wana pikapu.

Nirejee Ugogo, kwa kuwa naamini jibu la binti yangu lilikuwa huko zaidi kuliko Marekani. Hongo ya Wagogo wasafiri wa karne ya 19 wameilaani sana katika maandishi yao, Burton aliyefika hapa Novemba 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 wakiwamo. Lakini tuitazame kwa jicho la mwenye nchi. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Maji yake ni ya visima vilivyofukuliwa kwa mikono na ya mabwawa yanayokauka. Unakuja msafara wa mamia ya watu, kila mtu ana kiu ya siku mbili, nao hunywa kwa siku moja maji ambayo kijiji na ng'ombe wake wangeyatumia kwa siku nyingi. Tena mpagazi ala, akata kuni, apita kando ya mashamba. Mwenye nchi akisema lipeni, amedhulumu nini? Mimi naona hakudhulumu. Hongo kwa maana hiyo ilikuwa ni malipo ya kitu kilichotumika.

Dhuluma iliingia mahali pengine. Bei haikujulikana. Mtemi au wazee wake waliutazama mzigo, wakatazama nguo za mkuu wa msafara, wakasikiliza uvumi wa utajiri wake, ndipo wakataja kiasi, na mabishano yakaendelea siku mbili tatu, huku wapagazi wakila posho. Aliyelipa kwa mtemi mkubwa akakuta mbele mkubwa mwingine, na baada yake ndugu yake, kila mmoja na dai lake, wala hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kuwa huyu amekwisha kulipa. Kiasi cha haki kilikuwa ndani ya kichwa cha mtozaji, na hapo ndipo neno hongo lilipoanza, kwa maoni yangu, kuteremka kuelekea maana yake ya leo.

Wala tusidhani kuwa walipaji walikuwa malaika. Hapa hapa kwetu, baada ya kufa mtemi Fundikira, Manwa Sele alipotawala Unyanyembe alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu walipie bidhaa zao, nao walikuwa wamezoea kusamehewa. Walikataa. Walichukua bunduki, wakamwondoa katika utemi, wakamsimika Mkasiwa. Speke alipopita mwaka 1861 aliikuta vita hiyo inaendelea, njia zimefungwa, chakula kimeadimika, na Manwa Sele mwenyewe akitangatanga porini. Aliuawa mwaka 1865. Miaka 6 baadaye vita nyingine ikazuka na Mirambo wa Urambo, na njia ya Ujiji ikafungwa tena, hongo na biashara zikiwa ndani ya ugomvi huo pia. Sisi wenye kusali misikiti iliyoanzishwa na wafanyabiashara wale twawaombea rehema, na hiyo ni haki yao. Lakini walikula faida ya mji huu, wakanywa maji yake, na walipoambiwa wachangie waliona ni kuonewa. Jambo hili huwa halisemwi sana katika Maulidi.

Katika historia yetu ya Kiislamu, nilichokitafuta nilikikuta katika visa viwili. Cha kwanza ni cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), ambaye alimweka Ziyad bin Hudayr njiani kutoza ushuru wa bidhaa. Amepokea Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, kuwa Mnasara mmoja wa Banu Taghlib alipita na farasi, farasi akathaminiwa dirhamu 20,000, mtu akatozwa 1,000. Aliporudi na farasi huyo huyo mwaka huo huo, akatakiwa alipe 1,000 nyingine. Yule mtu hakubishana. Alisafiri mpaka Makka kwa Sayyidna Umar, akamweleza. Umar akamjibu kwa neno fupi tu, kwamba jambo lake limetosha. Mtu akadhani hakusikilizwa, akarudi akiwa ameazimia kulipa, na alipofika akakuta barua imemtangulia: asitozwe tena mpaka mwaka uzunguke.

Cha pili ni cha Umar bin Abdul-Aziz, nacho kimo katika Muwatta wa Imam Malik. Alimwandikia msimamizi wake wa njia ya Misri, Zurayq bin Hayyan, akamwekea kiwango cha kutoza, na akamwamuru kuwa wafanyabiashara wasiokuwa Waislamu anaowatoza awaandikie hati ya alichokichukua, iwatoshe mpaka wakati kama huo mwaka ujao. Ndugu msomaji, hiyo ni risiti. Miaka 1,300 iliyopita khalifa wa Waislamu ameona kuwa mlipaji asiyekuwa hata wa dini yake ana haki ya karatasi itakayomkinga na mtozaji wa pili.

Binti aliporudi nilimwambia kuwa kazi yake si maksi ikiwa kiwango kimeandikwa na chajulikana, anayelipa apewa risiti, fedha zafika zilikotajwa kufika, na mtu hatozwi mara mbili kwa kitu kimoja. Mshahara wake kwa kazi hiyo ni halali na awalishe wanawe bila ya wasiwasi. Kisha nikamwuliza, "Na wale wanaokwambia chukua nusu usiandike?" Akainama. Akasema, "Mwalimu, hao ndio wengi. Husema, dada, chukua mia mbili yaishe. Wengine ni watu wazima, wananiita mwanangu." Nikamwambia hiyo mia mbili, hata mtoaji akiitoa kwa huruma, hata mpokeaji akiinunulia maziwa ya mtoto, ndiyo hongo kwa maana ya leo, na mtoaji ana fungu lake ndani ya dhambi hiyo. Yeye hupewa mia mbili na kuonekana mla rushwa, na yule mwenye gari la milioni 20 huenda zake akiulaani ufisadi wa nchi.

Alikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa zito. Wakala wake alimpangia kiasi cha fedha kwa siku. Kikipungua alikijaza mwenyewe kutoka mfukoni. Na mwezi ule waliambiwa kuwa gari lililokwisha lipiwa siku nzima upande mmoja wa mji, likionekana upande wa pili, liandikwe upya. Aliomba aonyeshwe sheria iliyoandikwa, hakuonyeshwa. Nilimwambia kwa kisa cha farasi wa Taghlib kuwa hilo asilifanye. Nilijua nini chaweza kumpata, naye alijua, tukanyamaza wote wawili. Alirudi kazini, akakataa kuandika mara ya pili, na wiki ya tatu hakuitwa tena. Leo auza asali na karanga kwenye kituo cha mabasi. Alipa ushuru wa meza yake, na nimesikia kuwa mtoza ushuru humwandikia risiti yeye kwanza kabla hajamfikia.

Utaratibu huu wa wakala si mpya. Forodha ya Unguja kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri wao akiwa Jairam Shivji, kwa kiasi maalumu ambacho Sultani alikipata kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa cha mkodishaji. Halmashauri nyingi za Tanzania nazo zilipita njia hiyo katika kukusanya ushuru. Una wepesi wake, kwani serikali hupata fedha bila ya jasho. Lakini mkodishaji hana masika wala kiangazi, hana mgonjwa wala msiba, ana kiasi chake tu cha kufikisha, na uzito wote humshukia yule wa chini kabisa mwenye kizibao. Mwaka 2017 ilianzishwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ikakabidhiwa na maegesho, na mwaka 2021 ikaingiza njia ya kielektroniki, ambapo namba ya gari huandikwa kwenye mashine na mwenyewe akatazama deni lake katika simu na kulipa kwa namba maalumu. Manung'uniko hayakukosekana. Mimi naupenda mtindo wa namna hii kwa sababu moja: bei haimo tena katika kinywa cha mtu.

Lakini umeleta mas'ala mapya ambayo masheikh wenzangu yafaa tuyazungumze, kwa kuwa sijasikia yakitajwa mimbarini. Deni sasa limekaa juu ya namba ya gari. Mtu ameegesha mara 40 bila ya kulipa, faini zimejikusanya, kisha auza gari kwa ndugu yake Mwislamu na kumwambia gari halina tatizo. Katika fiqhi hiyo ni aibu ya kitu iliyofichwa, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Tena kuna maiti. Mazikoni kwetu hutangazwa kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Hujitokeza muuza duka, hujitokeza fundi. Barabara haina mdomo wa kujitokeza. Sote tumesoma jinsi Mtume (S.A.W.) alivyojizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini, na deni lile lilikuwa la dinari mbili tu. Warithi watazame simu ya marehemu kabla hawajagawana, na deni litoke kwanza.

Sasa nije kwa wazee wa msikiti. Walinijia saba, baada ya isha, na barua imekwisha andikwa. Waliomba kuwa magari yanayoegeshwa barabarani kila Ijumaa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 8 yasamehewe ushuru, kwa heshima ya sala, nao walitaka sahihi yangu iwe ya kwanza. Hoja yao haikuwa dhaifu. Walisema mtu hafanyi biashara pale, amekuja kusali, na wengine ni wazee wasioweza kutembea mbali. Mmoja wao, aliyesoma kidogo, alinitajia hata kauli ya Mawardi.

Nikawauliza kuhusu Ijumaa ya kabla ya hapo. Walinyamaza. Siku ile magari yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za barabara, na upande mmoja yalikuwa mistari miwili, na dereva wa bajaji aliyembeba mama mwenye uchungu wa uzazi kwenda hospitali ya Kitete alikwama katikati, akapiga honi tangu mwisho wa khutba mpaka salamu ya mwisho. Wengi wetu tuliisikia honi hiyo tukiwa ndani ya sala, na wengine walipotoka walimgombeza dereva kwa kuvuruga ibada. Mama alijifungua salama, alhamdulillah. Lakini kama asingejifungua salama, wazee wangu, barua hii tungempelekea nani?

Mtume (S.A.W.) aliwaonya masahaba wasikae njiani, na walipomweleza kuwa hawana budi kukaa hapo kwa mazungumzo yao, aliwaruhusu kwa sharti la kuipa njia haki yake, na katika haki hiyo akataja kuzuia maudhi. Basi kukaa njiani twaweza kuruhusiwa, lakini maudhi hayana ruhusa, hata kwa mtu mwenye udhu. Niliwaambia kuwa mimi sitaomba kusamehewa shilingi chache za saa mbili wakati haki ya njia yenyewe hatujaitoa. Kama wataandika kuomba kiwanja cha shule kifunguliwe kila Ijumaa, kalamu yangu iko tayari. Mzee mmoja alikasirika, akasema, "Sheikh, wewe una baiskeli ndiyo maana." Tulicheka, ila yeye hakucheka.

Barua yao ilikwenda ikiwa na sahihi 9, yangu haimo, na jibu bado halijaja. Barua ya kiwanja tuliipeleka kwa mkuu wa shule, naye alikubali siku ile ile, ila alitaka takataka ziokotwe kabla ya saa 9. Ijumaa iliyofuata vijana wanne wa madrasa walisimama barabarani na kamba ya katani, magari yakakaa upande mmoja tu, na waliochelewa walitembea kutoka uwanjani, hatua kama 300, wakilalamikia jua.